Nani Ataamkiwa Nakombo

Waliokuwapo barazani siku ya kwanza nawataja mmoja mmoja, kwa majina yao kamili, ili baadaye asitokee mtu wa kusema kwamba naye alikuwapo.

Alikuwapo Bwana Cutforth, Mwingereza, Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, ameketi juu ya kiti cha turubai. Kipawa chake kilikuwa kimoja: akisema jambo, linakuwa.

Alikuwapo Zefania Mntambo, karani na mkalimani wake, mtu wa tambarare. Kipawa chake kilikuwa ndimi mbili. Alizipenda zote mbili, na alipenda zaidi kusikilizwa.

Alikuwapo Mapombe Kitojo wa Kirombe, kijiji cha mgongo wa kaskazini. Yeye alikuwa na baragumu, pembe ya tandala aliyoachiwa na baba yake. Akilipuliza, aliyelala huamka na anayekula huacha tonge.

Alikuwapo Nankondo binti Sefue wa Ngulu, kijiji cha mgongo wa kusini. Kipawa chake kilikuwa kisiginoni. Akiukanyaga udongo alijua maji yamejificha wapi chini yake, na yanataka kwenda wapi.

Alikuwapo Kadiva Mchome wa Mvureni, kijiji cha bondeni, ingawa nyumba yake mwenyewe ilijengwa juu ya mwamba, mahali pasipofikiwa na maji. Yeye alikuwa mlinzi wa msitu wa ukoo, ambamo mafuvu ya wazee huhifadhiwa. Kipawa chake kilikuwa kuruhusu. Asiporuhusu yeye, hakuna mguu unaoingia.

Na alikuwapo Naetwe binti Mrutu, wa Mvureni pia, muuza dengelua, ile pombe ya miwa. Huyu hakuitwa na mtu. Hakuwa na kipawa chochote ila ulimi.

Watu wengine walisimama pande zote. Hao sitawataja.

Sasa nieleze kwa nini waliitwa.

Juu ya vijiji hivyo vitatu, katika milima ya Upare, palikuwa na ndiva iitwayo Nakombo. Ndiva ni bwawa lililochimbwa kwa mikono na kuzungushiwa ukuta wa udongo. Usiku hujaa maji ya kijito, asubuhi huzibuliwa mzibo wake, maji yakashuka mashambani kwa zamu. Anayeushika mzibo amewashika watu wote koo. Ndiyo sababu vijiji hivyo havikupendana. Mvureni waliwahi kuuzibua wakati wa zamu ya Kirombe, na migomba ya Kirombe ikanyauka. Tangu hapo Kirombe waliapa kwamba hata Mvureni ikiungua moto, wao watakwenda kuota.

Ikaja masika iliyopita kiasi. Nakombo ilijaa hadi ukingoni, na ukuta wake ukapata ufa. Ukuta ule ukianguka, Kirombe na Ngulu watabaki salama migongoni mwao, na Mvureni itabebwa yote.

Mapombe Kitojo aliuona ufa. Wazee wa Kirombe wakamwambia, "Usipulize. Waache wanywe maji yao waliyoyaiba." Huko, kazi ya pamoja huitwa msaragambo, nao huitwa kwa baragumu tu. Baragumu likishalia, atakayebaki nyumbani moto wake huzimwa, na hapewi kaa la moto na jirani yeyote mpaka alipe mbuzi. Kwa hiyo Kirombe walijua kwamba likilia watakwenda, wapende wasipende. Kaka yake alimshika mkono. Mapombe akauchomoa mkono wake, akapanda juu ya jiwe, akapuliza. Watu wa vijiji vyote vitatu walitoka na majembe, na wale wa Kirombe walitoka huku wakimtukana. Tangu siku hiyo ndugu zake hawajala naye sahani moja.

Nankondo binti Sefue aliwakuta wanaume wakirundika udongo na mawe juu ya ukuta. Akawaambia, "Mnamtwika mgonjwa kuni? Shukeni hapo! Ukuta huu hautaki kuongezwa, unataka kupunguziwa. Kateni mfereji bega la kushoto, maji yaende korongoni." Mmoja akamjibu kwamba hawajaja kuamrishwa na sketi. Basi akamnyang'anya jembe. Bega lile la kushoto lilikuwa shamba lake mwenyewe, lina magimbi ya kuvunwa. Akayakata ya kwanza kwa mkono wake, akayatupa majini. Walipoona anajikata mwenyewe, wakashuka ukutani wakachimba. Shamba lile sasa ni mfereji, na mwaka ule Nankondo alikula kwa kuomba.

Kadiva Mchome aliletwa na ukimya. Wachimbaji walikuwa wamefika mpakani mwa msitu wa ukoo, na mfereji haukuwa na njia nyingine ya kufika korongoni. Chuma hakiingii msitu ule. Mtu atakayeingia na jembe hatafika mavuno, na watoto wake watamfuata. Ndivyo walivyoamini wote, hata waliobatizwa. Wakasimama na majembe yao kama miti. Mzee Kadiva akaja, akavua blanketi, akatemea mate bamba la kila jembe lililokuwapo. Akasema, "Laana ikitafuta mtu, iulize nyumba ya Kadiva." Wakaingia, wakakata. Tangu siku hiyo ukoo wake umeamua kwamba akifa, fuvu lake halitawekwa pamoja na ya wazee. Kwa mtu kama yeye, huko ni kufa mara mbili.

Maji yalipata njia, yakashuka korongoni yakinguruma. Ukuta ulisimama. Mvureni ikaokoka, haikupotea hata kuku.

Bwana Cutforth aliposikia habari hizi alifurahi, kwa kuwa alikuwa anatafuta kitu. Mfumwa wa zamani, mtawala wa mlima ule, alikwisha kufa bila mrithi, na serikali haikutaka kusuluhisha vijiji vitatu kila kiangazi. Ilimtaka mtu mmoja wa kuviweka chini yake vyote, na kuushika mzibo wa Nakombo.

"Mmoja," alisema Bwana Cutforth. Kisha akatamka neno la kwao: "Paramount."

Watu wakamtazama karani.

Zefania Mntambo akakohoa kidogo. "Hili ni neno la sifa," akasema. "Halisimami peke yake, huvishwa cheo kama kilemba. Lakini Waingereza hawamvishi kila mkubwa. Mwalimu ni mkubwa darasani, wala hawamwiti hivyo, kwa sababu juu yake yuko mkuu wa shule. Neno hili ni la yule ambaye juu yake hakuna tena. Na halina kidogo wala sana. Huwezi kusema huyu ni paramount kiasi, na yule ni paramount zaidi. Unalo au huna."

"Watatu hawawezi kuligawana?" aliuliza Kadiva.

"Mzee, likigawanywa limekufa."

"Karani," Naetwe akaita kutoka nyuma, "sisi hatukusomea huko. Tupe mfano wa kushikika."

Hapo Zefania akatoa mfano ambao hakuagizwa na mtu kuutoa. "Mfano ni huu. Ninyi hapa mdogo humwamkia mkubwa. Basi, paramount haamkii mtu. Wote humwamkia yeye."

"Ala!" akasema Naetwe. "Basi yuko nyumbani kwangu. Jogoo wangu haamkii mtu, na akiita twaamka sote."

Watu wakacheka hadi kushikana mabega. Bwana Cutforth akauliza wanacheka nini. Karani akamjibu kwa Kiingereza kwamba wamefurahishwa na mpango wa serikali.

Lakini wale watatu hawakucheka.

"Neno ni langu," alisema Mapombe. "Nisingepuliza, hawa wawili wangekuwa wanazungumza na vyura."

"Ulipuliza ukashuka jiweni," Nankondo akamjibu. "Uliwaita watu waje wafanye nini? Waje wakuangalie mashavu? Mimi ndiye niliyewaambia wachimbe wapi."

"Nawe uliwafikisha wapi, binti Sefue?" akasema Kadiva polepole. "Uliwafikisha mlangoni kwangu, mkasimama. Ng'ombe naye hujua njia, ila mlango hafungui."

"Ng'ombe mimi?"

"Sikukutaja. Umeitika."

"Mzee, heshima yako naijua," alisema Mapombe, "lakini wewe ulitema mate tu. Kila mtu ana mate."

"Basi teme yako uone watakaoingia."

"Haya, tukuletee na jogoo wa Naetwe, mshindane!" Nankondo akafoka.

"Jogoo wangu msimwingize," akasema Naetwe. "Yeye ana kazi."

Bwana Cutforth akainuka. Alisema atarudi vuli itakapokwisha. Wampe jina moja ambalo wote watatu wamelikubali. Wakishindwa, ataleta mtu kutoka nje ya mlima, awe ndiye paramount, ashike mzibo, na watoto wao wataomba maji kwa mgeni. Kisha akaondoka, na karani nyuma yake.

Na hapa ndipo mfano wa karani ulipoota mizizi.

Mapombe alikuwa akimwamkia Kadiva tangu utotoni, kila wanapokutana, hata akiwa na mzigo kichwani. Aliacha. Alifikiri, nikimwamkia leo, kesho atasema nimekiri. Nankondo naye alikuwa na desturi ya kumpitia Kadiva asubuhi na kumwuliza hali ya mguu wake. Aliacha. Yeye na Mapombe walikuwa marika, wakitaniana njiani hadi watu wakisema mengine. Wakaacha. Wakikutana katika kijia chembamba, mmoja aligeuka kutazama bonde kana kwamba amepoteza mbuzi huko, na mwingine akapita. Kadiva, kwa kuwa ni mzee, hakupaswa kuanza, na hakuanza. Aliketi barazani kwake akihesabu wasiomwamkia.

Chuki ikashuka kwa watu wao. Watoto wa Kirombe waliwapiga wa Ngulu mawe. Mtu wa Ngulu akamwagiwa maziwa njiani. Wanawake wa Mvureni wakakatazwa kusaga kwenye jiwe la Kirombe. Mzibo wa Nakombo ulizibuliwa kwa ugomvi kila asubuhi, na palikuwa na siku ambazo haukuzibuliwa kabisa.

Siku moja ilitokea wote watatu wamekwenda kunywa dengelua kwa Naetwe. Kila mmoja aliketi pembe yake, amewapa wenziwe mgongo. Naetwe akawagawia vibuyu, akasimama katikati, mikono kiunoni.

"Kitojo, huyu ni mzee wako. Mwamkie."

Mapombe akanywa.

"Binti Sefue, mwenzako huyo ulikuwa unamcheka meno. Mcheke basi."

Nankondo akanywa.

"Mzee Kadiva, nawe mtu mzima. Anza wewe, nani atakuchapa?"

"Nikianza mimi," alisema Kadiva, "dunia imepinduka."

"Haya, isipinduke," akasema Naetwe. "Lakini mimi naishi chini yenu. Salamu haijamng'oa mtu jino. Kinachonitisha ni vinywa vitatu vilivyofungwa, na maji yamekaa juu ya kichwa changu."

Walilipa, wakaondoka kwa njia tatu.

Ikaja vuli, nayo haikuwa ndogo. Mkuyu wa zamani ukaanguka ndani ya msitu wa ukoo, ukalala juu ya mfereji ule uliokatwa, ukauziba. Maji ya Nakombo yakakosa pa kupumulia, yakaanza kupanda. Ilikuwa asubuhi, mwanga upo, kila mwenye macho angeweza kuona.

Nankondo ndiye aliyetambua kwa kisigino. Alikanyaga bega la kushoto, akahisi udongo umelainika kama uji, akatazama msituni akauona mkuyu. Alijua kazi ni ya mikono mingi, na mikono mingi huitwa na baragumu. Akaenda Kirombe, akasimama nje ya ua wa Mapombe, mvua ikimnyeshea. Akakohoa. Hakusema hodi. Akakohoa tena.

Mapombe alikuwa ndani. Alikisikia kikohozi akakijua ni cha nani. Akaliangua baragumu ukutani, akalifuta vumbi, akaliweka mapajani. Mkewe akamwambia, "Si umfungulie?" Akasema, "Anayetaka pembe ataniamkia." Mkewe akauliza, "Na mvua je?" Akasema, "Mvua haigombei cheo." Akakaa, midomo ameilamba tayari.

Kadiva, kutoka mlangoni kwake juu ya mwamba, aliuona mkuyu umelala. Alijua hakuna atakayethubutu kuingia msituni kuuondoa bila yeye. Alijua pia kwamba angeweza kushuka, avuke, apande Kirombe, awaambie watu, njooni, nimeruhusu. Mguu ulikuwa unamuuma, lakini haukuwa mguu uliomzuia. Alisema moyoni, "Msitu ni wangu. Watakuja kuomba." Akavuta blanketi mabegani.

Hivyo ndivyo walivyokaa. Mmoja na kikohozi, mmoja na pembe, mmoja na ruhusa. Walikuwa na kila kitu kilichohitajika.

Kipande cha juu cha ukuta kikaachia. Mlio wake ulisikika hadi ng'ambo ya korongo. Hapo Nankondo akapiga ukelele, "Bega la kushoto! Mkuyu!" Baragumu likalia. Na Kadiva akatoka mbio kwa mguu wake mbovu, akipaza sauti, "Ingieni! Ingieni wote! Ni juu yangu!" Nani alitangulia? Nimewauliza waliokuwapo. Wa Kirombe wanasema ni baragumu, wa Ngulu wanasema ni ukelele, wa Mvureni wanasema ni mzee. Mimi naamini vilitoka pamoja.

Watu wakaja wakikimbia. Mkuyu ukakatwa, ukavutwa kwa kamba, mfereji ukafunguka, na sehemu kubwa ya ukuta ikabaki imesimama. Kama wangechelewa kidogo tena, Mvureni yote isingekuwapo leo. Kwa mara ya pili watu watatu walikiokoa kijiji, na kwa mara ya pili hakuna aliyeweza kukiokoa bila wenziwe wawili.

Maji yaliyotangulia, yale ya kipande cha juu, yalipita katika nyumba moja tu. Paa lake lilibaki. Juu ya paa hilo alikuwa amesimama jogoo, amelowa, anawika mchana.

Vuli ikaisha, na Bwana Cutforth akarudi kama alivyosema. Kiti cha turubai kikafunguliwa. Waliokuwapo siku ya pili ni Bwana Cutforth, Zefania Mntambo, Mapombe Kitojo, Nankondo binti Sefue na Kadiva Mchome. Safari hii kutoka nyuma hapakutoka sauti.

"Jina," alisema Bwana Cutforth.

"Nililiita jeshi lote mara mbili," alisema Mapombe. Hakumtazama mtu.

"Mara mbili nililionyesha njia," alisema Nankondo.

"Mara mbili nililifungulia mlango," alisema Kadiva.

Karani alitafsiri. Bwana Cutforth akasubiri. Alitoa saa mfukoni, akaitazama, akairudisha. Akasema kupitia karani kwamba gari lake liko barabarani, na mtu wa kutoka nje amekwisha patikana, yuko tayari, anangoja kuitwa tu.

Sasa ninyi mnaonisikiliza, mkubwa kwa mdogo, shauri ni lenu, maana mimi nimelibeba miaka mingi na sikulimaliza. Mapombe aliwapoteza ndugu zake. Nankondo alilipoteza shamba lake. Kadiva alipoteza mahali pa kichwa chake. Hakuna aliyetoa kidogo kuliko mwenziwe. Na siku ya kikohozi, Nankondo alisimama kwenye mvua, Mapombe alikaa na pembe mapajani, Kadiva alivuta blanketi, na hakuna aliyenyima kidogo kuliko mwenziwe. Neno ni moja, haligawanyiki. Mkimtaja mmoja, wawili watamwamkia mpaka kufa kwao, na mzibo wa Nakombo utakuwa mkononi mwake. Msipomtaja mtu, mgeni ataushika.

Je, ungekuwa wewe umekaa kwenye kile kiti cha turubai, ungemwita nani mbele?

Kabla hamjajibu, lipo jambo moja ambalo Bwana Cutforth hakuambiwa, kwa kuwa hakuuliza. Naetwe binti Mrutu, muuza dengelua wa Mvureni, alikufa siku ya mkuyu.